HMS, USS, KNS, MV: uandike kipi mbele ya jina la meli?

Sentensi moja iliwahi kunifikia mezani niihariri: "Vijana hao walihitimu mafunzo yao ya awali ndani ya meli ya HMS Raleigh." Ina makosa mawili, na yote yametoka kwenye herufi tatu. La kwanza ni dogo. S ya HMS tayari maana yake ni meli, kwa hiyo kuandika "meli ya HMS" ni sawa na kuandika "virusi vya VVU". La pili ni kubwa zaidi: HMS Raleigh haielei. Ni kambi ya nchi kavu iliyoko Torpoint, Cornwall, ambako jeshi la majini la Uingereza huwafundisha askari wapya. Aliyetafsiri aliona HMS akaona bahari.

Nimekutana na makosa ya namna hii mara nyingi kiasi cha kutaka kuviweka vifupisho hivi ubavuni kwa ubavu, kwa ajili ya yeyote anayetafsiri, anayehariri habari au anayeandika historia, akafika kwenye jina la manowari na kusita. Aandike herufi zipi? Aziache? Azitafsiri? Jibu linategemea kifupisho chenyewe kinasema nini, na havisemi kitu kimoja. Kingine kinamtaja mwenye meli, kingine kinaeleza nani anaiendesha, kingine kinatoa habari za injini tu.

Mfalme, nchi, au jeshi lenyewe

HMS ni Meli ya Mtukufu Mfalme, au ya Mtukufu Malkia, wa Uingereza. Kwa Kiingereza "his" (yake, ya mwanamume) na "her" (yake, ya mwanamke) yote yanaanza na H, ndiyo maana Elizabeth II alipofariki Septemba 8, 2022, maana iligeuka lakini herufi zikabaki zilezile. Waholanzi hawakupata nafuu hiyo. Tangu Wilhelmina arithi kiti mwaka 1890 walitawaliwa na malkia watatu mfululizo, na manowari zao ziliandikwa Hr.Ms., "yake" ya kike. Willem-Alexander alipotawazwa Aprili 30, 2013, zikageuka kuwa Zr.Ms., "yake" ya kiume. Kwa hiyo De Ruyter iliyozamishwa na Wajapani katika vita vya Bahari ya Java, Februari 1942, ni Hr.Ms. De Ruyter, na ile De Ruyter inayotumika sasa ni Zr.Ms. De Ruyter. Mhariri akisawazisha vifupisho "ili vifanane" amezichanganya meli mbili. (Kiswahili kingewaondolea Waholanzi taabu yote hiyo: "meli yake Mtukufu" inamtosha mfalme na malkia.)

USS ni Meli ya Marekani, basi. Mwenye meli ni nchi. Hakuna mtu anayetajwa. Matumizi hayakuwa ya mpangilio tangu mwanzo, kwani katika karne ya 19 makarani waliandika mara meli, mara meli ya mvuke, kila mmoja kwa mazoea yake. Januari 8, 1907, Rais Theodore Roosevelt alitoa amri kwamba mbele ya jina la meli ya jeshi la majini yaandikwe maneno hayo au herufi U.S.S., na si kitu kingine.

Mataifa mengi yaliyokuwa chini ya Uingereza yalikwenda kutoka mtindo wa kwanza hadi wa pili, na ukijua tarehe utajua uandike nini. Manowari ya India ilikuwa HMIS, I hiyo ikiwa ya India, hadi nchi ilipokuwa jamhuri Januari 26, 1950. Kuanzia hapo ni INS. Pakistani ilibaki na HMPS hadi ilipokuwa jamhuri mwaka 1956, kisha PNS. KNS ya Kenya, NNS ya Nijeria na GNS ya Ghana zimejengwa kwa kipimo hichohicho: jina la nchi, jeshi la majini, meli. Australia, Kanada na New Zealand zimebaki na Mtukufu hadi leo: HMAS, HMCS, HMNZS.

Nchi nyingine zimekataa kuazima Kiingereza. KRI ya Indonesia, BRP ya Ufilipino, TCG ya Uturuki na ORP ya Polandi zote zinasema "meli ya jamhuri", kila moja kwa lugha yake. Ayalandi huandika LÉ, yaani "meli ya Ayalandi" kwa Kiayalandi, na alama juu ya E ni sehemu ya kifupisho, usiiangushe. Afrika Kusini ilipata ufumbuzi ninaoupenda kuliko yote: SAS inasomeka sawasawa kwa Kiingereza na kwa Kiafrikaans. Kanada haikuweza kufanya hivyo, kwa hiyo meli ileile ni HMCS kwenye ukurasa wa Kiingereza na NCSM kwenye ukurasa wa Kifaransa.

Halafu kuna kundi ambalo halitaji meli hata kidogo. ARA ya Ajentina ni jeshi la majini la Jamhuri ya Ajentina. KNM ya Norwe na KDM ya Denmaki ni majeshi ya majini ya kifalme ya nchi hizo. Hapa ndipo kanuni ya "meli ya HMS ni kosa" inapoachia: "meli ya ARA" haina urudiaji wowote, kwa sababu neno meli halimo ndani ya herufi hizo. Ukitaka njia salama bila kukariri kila kifupisho, tanguliza aina ya chombo na nchi, kisha jina kamili: "manowari ya Norwe, KNM Helge Ingstad", "nyambizi ya Indonesia, KRI Nanggala". Mkato unafanya kazi ambayo "ya" ingeivuruga, na msomaji asiyejua KRI ni nini hapotei njiani.

Nirudi kwenye HMS Raleigh kidogo, maana si peke yake. Sheria ya zamani ya nidhamu ya wanamaji wa Uingereza iliwahusu watu walioandikwa kwenye daftari la meli. Aliyefanya kazi nchi kavu ilibidi aandikwe kwenye meli fulani, hata kama ni ya jina tu, na polepole kambi zenyewe zikapewa majina ya meli. India ilirithi desturi hiyo. INS Garuda ni kituo cha ndege za jeshi la majini huko Kochi. INS Shivaji ni chuo cha uhandisi kilichoko Lonavala, mji wa milimani ambako hutaiona bahari. Katika hali hii neno la mbele si ziada tena, ni la lazima: andika "kambi ya HMS Raleigh", "chuo cha INS Shivaji". Kabla ya kuandika "ndani ya", hakikisha chombo hicho kina mkuku.

USS dhidi ya USNS: N moja inabadilisha sheria

Hapa ndipo ninapowaomba wahariri wawe wakali. Wengi huiona USNS kama USS iliyoandikwa kwa kirefu. Sivyo. USS ni meli ya jeshi la majini la Marekani iliyoingizwa rasmi jeshini, ikiwa na kamanda wa kijeshi na mabaharia wa kijeshi. USNS ni mali ya jeshi hilohilo, lakini haikuingizwa jeshini kwa maana hiyo na inaendeshwa na mabaharia raia. Ni meli za mafuta, za mizigo, za upimaji wa bahari, na zile mbili nyeupe za hospitali, USNS Mercy na USNS Comfort. Uingereza ina kitu cha kufanana nacho: RFA, kikosi cha meli za kusaidia manowari, kinachoendeshwa na raia pia. RFA Sir Galahad, iliyopigwa mabomu kwenye visiwa vya Falklands Juni 8, 1982, Uingereza ikiwa vitani na Ajentina, haikuwa HMS, na kuiandika HMS ni kuwanyima mabaharia wale raia nafasi yao katika habari.

Kwa nini tofauti hii ina uzito? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, kifungu cha 29, unataka mambo manne ili chombo kiitwe manowari. Kiwe cha majeshi ya nchi. Kiwe na alama za nje zinazoonyesha hivyo. Kiwe chini ya afisa aliyeteuliwa na serikali ambaye jina lake limo kwenye orodha ya maafisa. Na mabaharia wake wawe chini ya nidhamu ya kijeshi. USNS inaheshimiwa kama chombo cha serikali, mamlaka ya nchi nyingine hayaingii humo yatakavyo, lakini inakosa baadhi ya masharti hayo manne. Haki ya kushambulia wakati wa vita ni ya manowari.

Lewis B. Puller inaonyesha jambo hili kwa karibu. Ni meli kubwa, kituo kinachoelea, na ilianza kazi mwaka 2015 ikiwa USNS Lewis B. Puller. Ilipopelekwa Ghuba ikaonekana kazi inayotarajiwa inavuka kile ambacho USNS inaruhusiwa kufanya kwa sheria za vita. Agosti 17, 2017, ikiwa gatini Bahraini, iliingizwa rasmi jeshini na kuwa USS Lewis B. Puller, meli ya kwanza ya Marekani kufanyiwa hivyo nje ya nchi yake. Chuma kilekile, bandari ileile, herufi moja imeondolewa, na kuanzia siku hiyo ni manowari.

Kwa hiyo kati ya USS na USNS huchagui unachopenda. Unaangalia mabaharia. Na katika Kiswahili, neno "manowari" litumie kwa USS, HMS, KNS na wenzao. Kwa USNS na RFA andika "meli ya jeshi la majini" au "meli ya kusaidia jeshi". Neno letu hili lilitokana na Kiingereza cha zamani, man-of-war, meli ya kivita hasa, na maana hiyo bado linaibeba vizuri. Tusilipake kwenye meli ya hospitali.

Kuna hatua mbili zaidi ambazo Marekani huziandika na nyinyi mnaofuatilia habari mtakutana nazo. Meli iliyokwisha kushushwa majini lakini bado haijaingizwa jeshini haina haki ya USS. Mabaharia wake huitwa PCU, kikosi cha kabla ya kuingizwa. Ikistaafishwa, huandikwa "ex-" mbele ya jina. Sisi tunalo neno jepesi zaidi: "iliyokuwa USS fulani".

Kutu isiyofuta herufi

Kwenye mwamba uitwao Second Thomas, katika Bahari ya Kusini ya China, imekaa meli iliyotoboka kwa kutu, mabati yake yakiachia, sitaha yake ikiwa na mashimo. Ilitengenezwa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ikiwa chombo cha kushusha vifaru ufukweni, na baadaye ikaitwa USS Harnett County. Mwaka 1970 ikapewa Vietnam Kusini ikawa My Tho. Utawala ule ulipoanguka meli ikaishia mikononi mwa Ufilipino, na sasa ni BRP Sierra Madre. Mwaka 1999 Wafilipino waliipweleza hapo kwa makusudi, wakaweka kikosi kidogo cha wanamaji, na haijaondoka tena.

Mtu akiiona kwenye picha ataandika "gofu la meli" na atajiona mkweli. Lakini Ufilipino haijawahi kuistaafisha. Bado imo kwenye orodha ya jeshi la majini, bado ina BRP mbele ya jina, na Ufilipino ina mkataba wa ulinzi na Marekani tangu mwaka 1951 unaogusa mashambulizi dhidi ya vyombo vyake vya kijeshi. Ndiyo maana mashua za kuwapelekea wanamaji wale chakula na maji zinapozuiwa na China, inayoudai mwamba huo, kila neno hupimwa. Ukiandika BRP umesema ni manowari ya nchi iliyo kazini. Ukiandika "mabaki ya meli ya zamani" umeshika upande mwingine wa ugomvi bila kujua.

USS Pueblo ni hivyohivyo. Korea Kaskazini iliikamata Januari 23, 1968, na leo iko Pyongyang ikionyeshwa kwa wageni. Marekani haijaiondoa kwenye orodha ya meli zake zilizo kazini. Kuandika "USS Pueblo" kwa meli iliyo mikononi mwa wengine si uzembe wa karani. Ndiyo hali yake kisheria kwa mujibu wa mwenye meli. HMS Victory nayo, meli ya amiri Nelson katika vita vya Trafalgar mwaka 1805, iko kwenye chelezo kavu huko Portsmouth tangu mwaka 1922 na bado ni meli ya jeshi iliyo kazini rasmi. Umri na kuelea si vipimo. Orodha ndiyo kipimo.

Herufi zilezile, bendera mbili

Hapa vifupisho vinakutega vikiwa wima mbele yako. HMS si ya Uingereza peke yake: Waswidi huandika HMS kwa Kiswidi, Hans Majestäts Skepp, na HMS Visby ni manowari ya Uswidi. INS Vikrant ni ya India, INS Eilat ilikuwa ya Israeli. Eilat, iliyozamishwa na makombora ya Misri karibu na Port Said Oktoba 21, 1967, tena ilizaliwa ikiwa HMS Zealous ya Uingereza. Waisraeli kwa Kiebrania hawaandiki INS hata kidogo. Hiyo ni sura ya Kiingereza tu.

Sura hizo za Kiingereza ziko kwa nchi nyingi, na ndizo zinazotawala kwenye taarifa za mashirika ya habari. Zilinganishe:

| Nchi | Wenyewe huandika | Kiingereza huandika |
|---|---|---|
| Uswidi | HMS | HSwMS |
| Norwe | KNM | HNoMS |
| Denmaki | KDM | HDMS |
| Uholanzi | Zr.Ms. | HNLMS |

Nichague ipi? Kwa msomaji wa Kiswahili hakuna hata moja inayojieleza, kwa hiyo sababu ya kupendelea ya Kiingereza haipo. Nami hufuata ya wenyewe. Isipokuwa Uswidi. Hapo HMS tupu itampeleka msomaji London moja kwa moja, hivyo ama taja nchi katika pumzi ileile ("manowari ya Uswidi, HMS Visby") au tumia HSwMS. Napendelea la kwanza. Kwa INS kutaja nchi ni lazima kila mara unapoanza habari, hata kama unadhani muktadha unatosha.

Nchi zisizoandika kitu

Ufaransa haina kifupisho chake. FS unayoiona mbele ya jina la manowari ya Kifaransa ni ya matumizi ya NATO. Urusi haina, RFS imetungwa na wengine. China haina. Ujerumani ya leo haina, na FGS ni ya wageni vilevile. Katika nchi hizi chaguo langu ni jina tupu: "manowari ya Urusi Moskva", ambayo ilizama Aprili 2022, "manowari ya China ya kubeba ndege, Liaoning". Hakuna kinachopungua.

Ujerumani inastahili neno la ziada, kwa kuwa ilikuwa nacho kisha ikakiacha. Chini ya Kaiser, yaani mfalme wake, meli zake ziliandikwa SMS, Meli ya Mtukufu kwa Kijerumani, na Austria-Hungaria nayo ilitumia SMS hiyohiyo. Septemba 20, 1914, SMS Königsberg iliikuta HMS Pegasus bandarini Zanzibar ikitengenezwa mitambo, ikaizamisha. Watukufu wawili, binamu wa damu, George V na Wilhelm II, kila mmoja na herufi zake. Königsberg ikajificha kwenye mikono ya mto Rufiji hadi Julai 11, 1915, ilipomalizwa na HMS Severn na HMS Mersey, meli za kina kifupi zilizoweza kusogea mtoni. Mizinga yake ikaopolewa na kuendelea na vita nchi kavu. Kaiser alipoondoka mwaka 1918, Mtukufu aliondoka naye na SMS ikakosa mwenyewe. Kwa hiyo ukikuta "KMS Bismarck" au "DKM Bismarck", jua ni kifupisho kilichobandikwa na waandishi wa baadaye. Jeshi la Hitler halikukitumia. Vivyo hivyo IJN mbele ya Yamato ya Japani ni lebo ya vitabu. Andika Bismarck. Andika Yamato.

Kifupisho cha siku ya tukio

Meli huuzwa, na ikiuzwa hubadilisha kila kitu isipokuwa chuma. Meli ya kubeba ndege iliyoongoza kikosi cha Uingereza Falklands mwaka 1982 ni HMS Hermes. India iliinunua, ikaitumia kuanzia 1987 hadi 2017 ikiwa INS Viraat. Katika vita vilevile, Mei 2, 1982, nyambizi HMS Conqueror iliizamisha ARA General Belgrano na watu 323 wakafa. Belgrano hiyo ndiyo iliyokuwa USS Phoenix, ambayo ilitoka salama katika shambulio la Wajapani huko Pearl Harbor mwaka 1941.

Unapoandika, fuata jina na herufi za siku unayoisimulia. Phoenix iko Pearl Harbor, Belgrano iko Falklands. "Belgrano ilinusurika Pearl Harbor" inavutia kwenye kichwa cha habari lakini ni uongo mdogo. "Iliyokuwa USS Phoenix, iliyonusurika Pearl Harbor" inaongeza maneno mawili tu na haimdanganyi mtu.

Na ukishataja mara moja, acha. Mara ya pili na kuendelea "Belgrano" inatosha, au "manowari hiyo". Kiswahili kina ngeli yake, meli *ilizama*, manowari *zilikutana*; tafsiri zinazoiita meli "yeye" au "alizama" zimefuata mazoea ya Kiingereza ya kuifanya meli mwanamke. Kwenye maandishi ya mlazo, lalaza jina tu: HMS *Hermes*. Herufi za mbele husimama. Usizitafsiri pia. Nimeona "MMM Victory" kwa nia njema kabisa, Meli ya Mtukufu Mfalme, na hakuna msomaji duniani atakayeitafuta akaipata.

SS, MV, RMS: hapa hakuna jeshi

Vifupisho vya meli za kiraia vinaonekana ndugu wa HMS lakini vinajibu swali jingine. SS ni meli ya mvuke. MV ni chombo cha injini ya mafuta. MT ni ya kubeba mafuta. Havisemi ni mali ya nani wala ya nchi gani, kwa hiyo nchi na kampuni lazima uzitaje mwenyewe. RMS ilitolewa kwa meli zenye mkataba wa kubeba barua za posta ya kifalme ya Uingereza, kama Titanic. Inafurahisha kwamba neno letu "meli" lenyewe husemwa limetoka kwenye neno la Kiingereza la barua hizohizo. Ndugu yake Titanic, Britannic, ilikusudiwa kazi ileile, lakini vita vilitangulia. Ilitumika ikiwa HMHS, meli ya hospitali ya Mtukufu, hadi ilipozama Novemba 21, 1916. Kuiandika "RMS Britannic" ni kuipa kazi ambayo haikuwahi kuifanya.

Kati ya SS na MV angalia injini ya wakati huo. Graf von Götzen iliwekwa kwenye ziwa Tanganyika na Wajerumani, ikawa na mizinga wakati wa vita, na mwaka 1916 mafundi wake waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma baada ya kuipaka grisi mitambo ili isioze. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Ilikuwa ya mvuke, kwa hiyo ukisimulia safari zake za miaka ya 1930 ni SS Liemba. Miaka ya 1970 iliwekewa injini za dizeli, na tangu hapo ni MV Liemba.